Kuteua washiriki wa utafiti wa saikolojia: hatua kwa hatua, kuanzia orodha ya majina hadi ripoti

Katika tasnifu nyingi za saikolojia na elimu, sura ya tatu inasema washiriki walipatikana kwa "sampuli nasibu". Ukifuatilia kilichotendeka uwanjani, unakuta mwalimu wa taaluma aliita wanafunzi arobaini, wakaketi ukumbini, wakagawiwa dodoso. Hiyo si sampuli nasibu. Nasibu maana yake kila mtu wa kundi unalolisemea alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, na kilichoamua nani aingie ni namba, si mkono wa mtu. Mwalimu akichagua, huchagua viranja, wenye mwandiko mzuri na wasioleta vurugu. Yule aliyekaa nyuma ya darasa siku tatu bila kusema neno, ambaye pengine ndiye utafiti wako wa sonona unamtafuta, haitwi.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja hadi mwisho: utafiti unaotaka kujua ni sehemu gani ya wanafunzi wa sekondari katika halmashauri moja wana dalili za sonona, kwa kutumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima dalili za sonona. Idadi za shule na wanafunzi ni za mfano tu, ila hesabu zake ni za kweli na unaweza kuzirudia kwa namba zako. Njiani tunatoka kidogo kueleza la kufanya pale ambapo hakuna shule wala orodha.

Hatua ya 1. Andika sentensi moja kuhusu watu unaowasemea

Kabla ya kutaja njia yoyote ya kuteua, andika: "Utafiti huu unawahusu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne waliosajiliwa katika shule za sekondari za halmashauri fulani, mwaka fulani." Sentensi hiyo ndiyo mpaka wako. Ukiteua kwenye shule huwezi kumalizia ripoti kwa kusema "vijana wa wilaya hii", kwa sababu umewaacha waliokatiza masomo, waliopata mimba wakabaki nyumbani, wanaoendesha bodaboda na wanaovua samaki.

Kisha andika nani anaingia na nani anaachwa, kila sharti na sababu yake. Sharti lisilo na sababu huharibu jibu kimyakimya. Watafiti wengine huwaacha "wanafunzi wanaotibiwa tatizo la akili" wakidhani wanasafisha sampuli. Kama lengo ni kujua ukubwa wa tatizo, kuwaondoa hao ni kulipunguza tatizo kabla hujalipima. Waache nje pale tu ambapo swali linadai hivyo, kwa mfano unapojaribu tiba mpya na dawa wanazotumia zingechanganya matokeo.

Uzito wa sentensi hii unaonekana katika historia ya saikolojia yenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha uchambuzi wa majarida sita makuu ya fani hii na kukuta kwamba asilimia 96 ya washiriki wa tafiti zake walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, nchi zenye takriban asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Tafiti nyingi zilisema "binadamu" wakati zilipima watu wa sehemu moja. Nasi tukiwapima wanafunzi wa chuo kimoja Dar es Salaam na kuandika "Watanzania", tunarudia kosa lilelile.

Hatua ya 2. Vibali kwanza, ndipo orodha

Orodha ya majina ya wanafunzi ni taarifa binafsi. Huipati kwa urafiki na karani, na ukiipata hivyo usiitumie. Kwa mwanafunzi wa chuo Tanzania, kwa kawaida barua hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mkuu wa shule. Utafiti unaogusa afya hupita pia kwenye kamati ya maadili, ya chuo au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kenya unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha unajitambulisha kwenye ofisi za kaunti. Tenga miezi kadhaa kwa kazi hii. Anayeanza kuteua kabla ya vibali hulazimika baadaye kuteua upya, maana orodha ya Januari na ya Julai si moja.

Kwa walio chini ya miaka 18 unahitaji vitu viwili: idhini ya mzazi au mlezi, na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Kimoja hakifuti kingine. Shule za bweni ndizo zenye kazi, kwa kuwa wazazi wako mbali. Tumia siku ya kikao cha wazazi au siku ya kufungua muhula, na ieleze kamati ya maadili mapema utakavyofanya. Idhini ya mkuu wa shule ni ruhusa ya kuingia shuleni, haichukui nafasi ya idhini ya mzazi mpaka kamati iseme hivyo kwa maandishi.

Orodha ikifika, ikague kabla ya kuiamini. Futa majina yaliyojirudia na ya waliohama. Linganisha jumla ya kila shule na rejesta za mahudhurio. Shule mpya zilizofunguliwa mwaka huu mara nyingi hazimo kwenye orodha ya halmashauri, na shule za binafsi huwa kwenye faili jingine. Mtu asiyekuwemo kwenye orodha ana nafasi sifuri ya kuteuliwa, na hakuna hesabu ya baadaye itakayomrudisha.

Hatua ya 3. Swali ndilo linalochagua njia

Ukitaka kujua "ni wangapi" au "ni asilimia ngapi", unahitaji sampuli nasibu. Hapo hakuna njia ya mkato. Ukitaka kujua kama mafunzo au tiba fulani inafanya kazi, cha lazima zaidi ni kuwagawa washiriki kwa nasibu kati ya makundi, hata kama walijitolea wenyewe. Ukitaka kuelewa jinsi watu wanavyoishi na jambo fulani, unateua watu wachache kwa makusudi, yaani sampuli lengwa. Na kundi likiwa limejificha, kama wanaojidunga dawa za kulevya, unapitia kwa watu wenyewe wanaofahamiana.

Sampuli ya walio karibu, wale uliowakuta tu, ina kazi moja ya halali: kujaribu dodoso. Wape watu 20 hadi 30 walifanye, uone swali gani halieleweki, linachukua dakika ngapi, na Kiswahili chake kinasomekaje. Asilimia zao zisiingie kwenye ripoti.

Kwa mfano wetu tunataka asilimia, kwa hiyo tunakwenda nasibu. Lakini kuweka majina 24,000 ya shule 60 kwenye orodha moja na kuchota watu mmojammoja kutakufanya uende shule zote 60 kuwaona wanafunzi sita au saba kila moja. Nauli itaisha kabla ya kazi. Kwa hiyo tunateua shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule. Hiyo ni sampuli ya makundi kwa hatua mbili, na ina gharama yake ya kihesabu ambayo wengi huisahau.

Hatua ya 4. Idadi: hesabu kwa njia uliyochagua kweli

Anza na kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia: zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5, kisha kwa 0.5, ugawe kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16, yaani watu 385, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 kila upande. Hapa tumetumia 0.5 kwa sababu hatujui asilimia halisi, na 0.5 ndiyo inayodai watu wengi kuliko zote.

Kundi lote lina watu 24,000, kwa hiyo punguza kidogo: 385 gawa kwa (1 + 384/24,000) ni 379.

Sasa ndipo penye gharama. Wanafunzi wa shule moja hufanana: wana walimu walewale, adhabu zilezile, njaa ileile ya mchana. Mwanafunzi wa 30 wa shule hiyohiyo hakuambii mambo mapya kama ambavyo angekuambia mwanafunzi wa shule nyingine. Kiasi cha kufanana huko hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1, ambayo unaichukua kwenye utafiti uliofanyika mahali panapofanana na pako. Tuseme ni 0.03. Ukichukua wanafunzi 30 kwa shule, kizidisho ni 1 + (30 − 1) × 0.03 = 1.87. Basi 379 × 1.87 ni 709. Ongeza akiba ya watakaokosekana, asilimia 10: 709 gawa kwa 0.9 ni 788. Gawa kwa 30, unapata shule 27, jumla wanafunzi 810.

Ukibadilisha idadi ya wanafunzi kwa kila shule, hesabu nzima hubadilika. Kwa 20 kila shule, kizidisho ni 1.57, na unahitaji shule 34 na wanafunzi 680. Kwa 40, kizidisho ni 2.17, na unahitaji shule 23 na wanafunzi 920. Kwa hiyo shule nyingi zenye wanafunzi wachache kila moja zinakupa taarifa zaidi kwa kila dodoso. Linganisha nauli ya shule moja zaidi na gharama ya madodoso mengine, ndipo uamue.

Kanuni ya Yamane, inayopendwa sana kwenye tasnifu za Afrika Mashariki, ingetoa 24,000/(1 + 24,000 × 0.0025), yaani 394. Kanuni haina kosa. Kosa ni kuitumia mahali isipohusika: inajibu swali la sampuli nasibu rahisi, mtu mmojammoja kutoka orodha moja. Ukichukua hao 394 kwa makundi ya 30, wana uzito wa watu wapatao 210 tu, na kosa lako halisi ni karibu asilimia 6.8 kila upande wakati umeandika 5. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linalotoa idadi ya sampuli moja kwa moja, lina mpaka uleule.

Kama swali ni kulinganisha makundi mawili, achana na kanuni hizi, ukokotoe nguvu ya jaribio, yaani uwezo wake wa kuiona tofauti iliyopo kweli. Programu ya bure ya G*Power inatosha. Kwa nguvu ya asilimia 80 na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kudhani umeona tofauti isiyokuwepo), tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) inadai watu 64 kila kundi. Tofauti ndogo (0.2) inadai 394 kila kundi. Uhusiano wa 0.3 kati ya vipimo viwili unadai watu wapatao 85. Ukilinganisha makundi ya watu 20 kwa 20 ukakosa tofauti, bado hujaonyesha kwamba tofauti haipo.

Na wingi hautibu orodha mbovu. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma kura za maoni kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kura hawakufanana na waliokaa kimya.

Hatua ya 5. Teua shule, kisha wanafunzi

Shule zina ukubwa tofauti. Ukizipa zote nafasi sawa kisha uchukue 30 kila moja, mwanafunzi wa shule ndogo atakuwa na nafasi kubwa kuliko wa shule kubwa. Dawa yake ni kuteua shule kwa uzito wa ukubwa.

Kwanza panga shule kwa matabaka unayoyajali, mfano za bweni zikifuatiwa na za kutwa, na ndani yake za serikali kisha za binafsi. Mpangilio huo peke yake hutawanya sampuli vizuri. Shule yenye wanafunzi chini ya 30 iunganishe na jirani yake kabla ya kuteua, ihesabike kama moja.

Kisha andika jumla inayojikusanya. Shule A ina 350, basi ni 1 hadi 350. B ina 610: 351 hadi 960. C ina 280: 961 hadi 1,240. D ina 445: 1,241 hadi 1,685. Endelea hadi 24,000.

Gawa 24,000 kwa shule 27: hatua, yaani umbali kutoka namba moja hadi inayofuata, ni 888.89. Chagua namba ya kuanzia kati ya 1 na 888 kwa nasibu. Tuseme imetoka 412. Shule yenye namba 412 ni B. Ongeza 888.89, unapata 1,301, ambayo ni D. Kisha 2,190, na kuendelea hadi shule ya 27. A na C zimerukwa, na usizirudishe kwa sababu ziko karibu na stendi. Shule yenye zaidi ya wanafunzi 888 lazima itaangukiwa, na yaweza kuangukiwa mara mbili: ikitokea, chukua wanafunzi 60 humo.

Hakikisha kwa hesabu. Nafasi ya shule ni 27 × ukubwa/24,000, na nafasi ya mwanafunzi ndani yake ni 30/ukubwa. Ukizizidisha, ukubwa unafutika na kila mwanafunzi anabaki na 0.03375, sawa kwa wote.

Ndani ya shule, kusanya rejesta za mikondo yote na uzipe namba zinazofuatana, 1 hadi mwisho. Shule D ina 445: gawa kwa 30, hatua ni 14.83. Anza kwa nasibu kati ya 1 na 14, tuseme 9. Wateuliwa ni wa 9, 24, 39 na kuendelea. Usifupishe 14.83 kuwa 14 wala 15 njiani. Ongeza desimali zote, kisha kadiria kila jibu kivyake.

Chunga orodha yenye mzunguko. Orodha ya bweni iliyopangwa kwa vyumba vya watu wanane, kila chumba kikianza na kiongozi wake, ikikutana na hatua ya 8 au 16, utapata viongozi watupu au usipate hata mmoja. Ukiona dalili hiyo, changanya majina kwanza.

Ukitumia Excel kwa namba nasibu, jaza safu ya RAND, kisha inakili na uibandike kama thamani kabla ya kupanga. Usipofanya hivyo, namba hubadilika kila unapogusa faili, na kesho huwezi kuonyesha ulivyowapata uliowapata. Hifadhi faili hiyo pamoja na namba ya kuanzia. Mahali pasipo kompyuta, karatasi zilizokunjwa sawa na kuchanganywa ndani ya ndoo mbele ya walimu wawili zinafanya kazi ileile, na wanafunzi wenyewe huridhika kwamba hapakuwa na upendeleo.

Hatua ya 6. Siku ya kazi shuleni

Fika na majina tayari. Ukimwachia mkuu wa shule nafasi ya kukupa watu, umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Mweleze kwa heshima kwa nini ni majina haya na si mengine. Walimu wengi hawana nia mbaya, wanataka tu mgeni apate wanafunzi "wanaojieleza".

Wasiokuwepo ndio hatari kubwa kuliko zote. Mwenye sonona hukosa shule zaidi ya mwenzake mzima. Ukichukua waliohudhuria tu, umechuja tatizo lenyewe. Panga kurudi angalau mara moja, siku tofauti ya wiki, isiyo ya gulio wala ya mechi. Epuka pia wiki za mitihani ya taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne: wasiwasi utakaoupima si wa kawaida, na nusu ya shule haitakupa nafasi.

Usiweke mtu badala ya asiyekuwepo. Kumchukua rafiki yake aliyekaa karibu kunaonekana kama kujaza pengo, kumbe ni kubadilisha mtu mgumu kupatikana kwa mtu rahisi. Akiba ya asilimia 10 tuliiweka kwa ajili hiyo. Andika kila jina: amekutwa, amehama, hajakutwa mara mbili, mzazi hakukubali, mwenyewe amekataa.

Walimu watoke chumbani. Mwambie kila mwanafunzi kwamba anaweza kukataa au kuishia katikati bila kuulizwa, na mpe njia ya kukataa isiyomwaibisha: arudishe dodoso tupu ndani ya bahasha kama wengine. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Pitia swali hilo kwenye kila karatasi kabla hujaondoka shuleni siku hiyo, na uwe umeshapanga na mshauri nasaha na hospitali nani atampokea mtoto atakayehitaji msaada. Ukimteua mtu kwa namba, ukamuuliza kuhusu kifo, huna haki ya kuondoka na jibu lake mfukoni.

Kuhusu posho: rudisha nauli na toa kitu kidogo kama daftari au soda, kwa wote sawa, hata aliyeishia katikati. Ikizidi, asiyetaka atashindwa kukataa, na asiyehusika atajipenyeza.

Pasipo na shule: kaya

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Nyumba moja yaweza kuwa na kaya nne za wapangaji. Teua vitongoji au mitaa kwa uzito wa ukubwa kama tulivyofanya na shule, kisha pita mwenyewe uorodheshe kaya zote za mtaa huo na uteue 15 hadi 20. Mjumbe au mwenyekiti akutambulishe, lakini asikuongoze nyumba za kuingia, maana atakupeleka kwa watu wake. Ile njia ya kuzungusha kalamu katikati ya kijiji na kufuata inakoelekea huzipa nafasi zaidi kaya za katikati, za karibu na barabara, na huwaacha wa pembezoni.

Ndani ya kaya teua mtu mzima mmoja. Waorodheshe kwa umri, kisha tumia jedwali la namba lililochapishwa kwenye fomu tangu ofisini, kwa mtindo wa Leslie Kish wa mwaka 1949. Njia ya "mwenye siku ya kuzaliwa iliyo karibu" husumbua mahali ambapo wazee hawana tarehe kamili. Andika idadi ya watu wazima wa kaya: aliyeteuliwa kati ya watano anawakilisha watano, na uchambuzi lazima umpe uzito huo. Rudi mara tatu, mojawapo jioni na mojawapo Jumapili. Ukipita saa nne asubuhi tu, utakuwa na utafiti wa kina mama na wazee.

Pasipo na orodha kabisa

Kwa kundi lililojificha, njia ya mnyororo huanza na watu wachache wanaokuletea wengine. Kwa mtindo huo mtupu unaishia ndani ya kijiwe kimoja. Mwaka 1997 Douglas Heckathorn aliiboresha, na namna yake imetumika Unguja na Dar es Salaam kuwafikia wanaojidunga dawa za kulevya. Anza na watu watano au sita wanaotofautiana kwa jinsia, umri na kijiwe. Kila mmoja mpe kuponi tatu zenye namba, basi. Muulize anawafahamu watu wangapi wa hali hiyo aliowaona katika siku 30 zilizopita, kwa sababu mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa ya kufikiwa, na uchambuzi hupunguza uzito wake. Acha minyororo irefuke. Usimwombe mtu akutajie majina ya wenzake: anawapa kuponi, nao wanakuja wakitaka wenyewe. Watakuja pia wasiohusika kwa ajili ya posho, kwa hiyo awepo mlangoni mtu anayeijua hali hiyo, awasaili kwa maswali mafupi.

Kliniki ni rahisi kufikika, ila waliofika hospitali si wote wanaougua. Wanaofika mara nyingi wana maradhi zaidi ya moja, au nauli, au ndugu wa kuwasindikiza. Chukua kila mgonjwa anayefaa kwa zamu, siku zote za kliniki, na sentensi yako ya Hatua ya 1 iseme "waliohudhuria kliniki".

Viungo vya dodoso kwenye makundi ya WhatsApp huwaleta wenye simu janja na bando, na wanaovutiwa na mada. Hata maneno ya tangazo huchuja watu. Jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza wafungwa na askari wa gereza, liliajiri kwa tangazo lililotaja utafiti wa maisha ya gerezani. Mwaka 2007 Carnahan na McFarland walitoa matangazo mawili, moja likitaja gereza na jingine lisilotaja. Walioitikia la gereza walikuwa na alama za juu za ukali na za kupenda kutawala, na za chini za huruma. Kwa hiyo tangazo lako liseme "utafiti kuhusu maisha ya kila siku ya wanafunzi", na mada kamili ielezwe kwenye fomu ya ridhaa, kabla mtu hajaamua.

Ukiwa na jaribio la tiba au mafunzo

Kuwateua watu na kuwagawa ni kazi mbili. Washiriki wakishakubali, wagawe kwa vizuizi vya wanne: wawili tiba, wawili wa kulinganisha. Mipangilio inayowezekana ni sita. Chagua mmoja kwa nasibu kwa kila kizuizi, uandikwe na mtu asiyeandikisha washiriki, kila jibu kwenye bahasha isiyopenyeza mwanga, yenye namba na iliyofungwa. Bahasha ifunguliwe baada ya jina kuandikwa juu yake. Kugawa kwa siku ya kufika, au "mmoja huku mmoja kule", humwezesha mwandikishaji kujua anayefuata anakwenda wapi, na huruma yake itaanza kuchagua.

Ukitaka watu wachache kwa usaili wa kina

Chora jedwali: wasichana na wavulana, bweni na kutwa. Vyumba vinne, watu watatu au wanne kila kimoja, jumla 12 hadi 16. Tafuta kwa makusudi pia anayepingana na unachokitarajia. Namba 12 inayotajwa sana inatokana na uchambuzi wa Guest na wenzake wa mwaka 2006, uliofanywa kwenye usaili wa wanawake 60 wa Ghana na Nigeria waliofanana kwa mengi na kuulizwa maswali yaleyale. Kundi lako likiwa mchanganyiko, 12 haitoshi. Changanua kadiri unavyosaili, usisubiri mwisho, la sivyo hutajua lini mambo mapya yameisha.

Hatua ya 7. Andika kilichotendeka

Aya ya sampuli kwenye ripoti iwe na namba za kila mlango watu walipopotelea. Kwa mfano wetu:

"Shule 27 kati ya 60 ziliteuliwa kwa uzito wa ukubwa, na wanafunzi 30 kila shule kwa hatua sawa kutoka rejesta zilizounganishwa. Kati ya wateuliwa 810, 26 walikuwa wamehama, wakabaki 784. Wanafunzi 37 hawakupatikana baada ya ziara mbili, wazazi 21 hawakutoa idhini, wanafunzi 8 walikataa, na madodoso 5 hayakukamilika. Waliochambuliwa ni 713, asilimia 90.9 ya waliostahili."

Ongeza jedwali dogo linalolinganisha hao 713 na wale 71 waliokosekana kwa jinsia, kidato na aina ya shule, vitu ambavyo rejesta inavyo tayari. Waliokosekana wakiwa wengi wao wa kutwa na wa Kidato cha Nne, msomaji ana haki ya kuliona hilo. Kwenye uchambuzi, iambie programu kwamba data ni ya makundi, vinginevyo itakupa kosa dogo kuliko lililopo. Na kama mlipofika shule fulani mlishindwa, mkachukua darasa moja zima badala ya majina 30, iandikwe hivyo, shule na sababu.

Karatasi inayounganisha majina na namba za madodoso ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na madodoso yenyewe, ichomwe tarehe uliyoiahidi kamati ya maadili.